Farasi wa Picha ya Nne

2 Mei 2007, Jumatano

Daftari hili nimenunuliwa na mume wangu. Mume wangu. Nimeyaandika tena maneno hayo kwa raha ya kuyaona kwenye karatasi. Alikwenda Maseru, mji mkuu wetu, kupeleka taarifa za kondoo katika idara ya mifugo anakofanyia kazi, akarudi na daftari, penseli sita na chungwa moja alilolibeba kifuani ndani ya blanketi safari nzima. Nililila likiwa bado na joto lake.

Ni wiki ya tatu tangu nivishwe blanketi la ndoa na kuchinjiwa kondoo wa kukaribishwa. Mimi si Lineo tena. Mama mkwe alinipa jina siku ile ile, nikiwa nimeketi nyuma ya mlango, uso chini: 'M'atšepiso, Mama wa Ahadi. Mtoto mwenyewe bado. Jina limetangulia, kama mgeni anayetuma salamu kabla hajafika. Mume wangu Mokhethi huniita hivyo kwa sauti ya chini akinipita nikiwa na ndoo kichwani, nami humwaga maji.

Jambo moja tu linanitaabisha. Mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Wenzangu wana wakwe wenye majina yasiyosumbua mdomo. Wangu alizaliwa baada ya kaka zake watatu kuzikwa mfululizo, wakampa jina la kile kilichowachukua, ili kikija kidhani ni mwenzake na kimpite. Kikampita kweli, sasa ana miaka sabini na mbili, masikio yamezeeka, moyo ni wa dhahabu. Lakini neno lake li kila mahali: redioni, kanisani, makaburini. Hata neno la magonjwa limetoka tumbo moja nalo. Mimi husema "lile". Katika lugha yetu ni neno la herufi nne tu, na hata hapa sitaliandika.

9 Mei, Jumatano

Nesi Nthofeela wa zahanati ameniita. Ni mwanamke mkavu kama kuni, hajaolewa, na alitazama pete yangu kama mtu anayesoma tarehe ya kuharibika kwenye kopo. Ametumiwa picha saba za kuzungumza na vijana habari za virusi. Hazina maneno. Unaweka picha mbele yao na kuuliza mambo matatu: Mnaona nini? Kwa nini inatokea? Na kwetu hapa je? Kisha unanyamaza. Sharti ni moja, mwenye picha hajibu. Ukijibu wewe, alisema nesi, wataitikia "ndiyo, mwalimu" na kwenda kufanya yao.

Shida ni kwamba aliyezichora hatujui. Kwenye picha ya nne kuna gari limeegeshwa mbele ya nyumba ya ghorofa, mapazia yamefungwa. Nesi alipowauliza vijana wanaona nini, Tlali, yule mchungaji wa ng'ombe mwenye mdomo, alisema anaona benki siku ya sikukuu. Mazungumzo yakaishia hapo.

"Nasikia shuleni ulikuwa unachora," nesi akaniambia. "Zichore upya, zifanane na sisi. Na Jumatano uje uwaulize wewe. Mimi wakiniona wanafikiria sindano."

Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Ndipo akaniuliza kama mimi na mume wangu tumepima. Nikamweleza kwamba Mokhethi aliniahidi tangu kabla ya harusi, na tumekubaliana iwe baada ya mavuno, kabla mtoto hajaingia tumboni.

"Baada ya mavuno," akarudia.

Nilitoka nimenuna. Wapo watu wakiona maua wanatafuta jeneza.

13 Mei

Mahindi bado yamesimama shambani. Mokhethi alinibebea ndoo mbele za watu. Wanaume wenzake wakamcheka, akawaambia wacheke tu, wake zao wanasikia. Nampenda.

20 Mei, Jumapili

Picha zimekamilika. Kila mwanaume niliyemchora ana mabega ya Mokhethi. Sina mwingine wa kumtazama. Kwenye picha ya nne niliondoa gari nikaweka farasi. Ni mchana, nyumba ya mawe, nguo zimeanikwa, mlango umefungwa, na farasi amefungwa nje akiwa na tandiko mgongoni. Mtu haonekani. Swali ni nani yumo ndani.

Farasi ninayemjua vizuri ni mmoja tu, Khunoana wetu. Nikamchora yeye: mwekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe hadi gotini kama aliyevaa soksi moja, ncha ya sikio la kulia imekatika. Nilimchora mpaka kope.

Nilimwonyesha Mokhethi zote. Akazisifu moja moja, akanibusu kidole chenye wino. Kwa ya nne alikawia kidogo, kisha akasema farasi ametoka mnene.

23 Mei, Jumatano

Nimeanza na picha tatu za kwanza. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Wasichana wa shule walikaa mbele na shali zao, wachungaji wakakaa mlangoni na fimbo na buti za mpira, tayari kukimbia wakisikia mbuzi. Kwenye picha ya msichana anayepewa viatu na dereva wa lori waligombana saa nzima. Mmoja alisema viatu havina kosa. Pulane, binti wa mjane 'M'apulane, msichana mpole wa safu ya mbele, alisema viatu havina kosa ila miguu ndiyo hukumbushwa kila siku nani aliivalisha. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa, nikajivuna kimya kimya.

Tlali alinitania mpaka mwisho. Kila niliposema "yale mambo" kwa kukwepa neno la mkwe wangu, aliuliza, "Mwalimu, yale mambo ni mambo gani?" Anajua fika. Wote wanajua. Walicheka, nami nikacheka.

30 Mei, Jumatano

Nataka kuandika hili kwa utaratibu.

Niliweka picha ya nne. Nikauliza mnaona nini. Walisogea karibu, hata wa mlangoni wakaacha fimbo zao.

"Naona Khunoana," akasema Tlali.

Wachungaji wote wakaafiki, ndiye, soksi hiyo ni yake, na sikio hilo lilikatwa na waya wa uzio mwaka wa ukame. Mtu anayeishi na wanyama hasomi picha ya mnyama kama sisi. Sisi tunaona farasi. Wao wanaona farasi wa nani. Nilicheka, nikawaambia basi nimechora vizuri, na nikauliza swali la pili: kwa nini inatokea, kwa nini amefungwa hapo?

"Si yupo hapo kila Alhamisi," Tlali akasema.

Mwenzake akampiga teke, wala hakujificha. Pulane akainuka, akajifunga shali na kutoka bila kumtazama mtu.

"Hapo wapi?" nikauliza.

Tlali akatazama buti zake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Mwalimu, si umesema mwenye picha hajibu. Kamuulize mwenye farasi."

31 Mei, Alhamisi

Nimemuuliza. Alicheka, akasema farasi wekundu wako wangapi katika milima hii. Kisha akasema kweli hupita kwa 'M'apulane kumkagulia kondoo, kazi yake ni kondoo, au nataka awabague wajane? Aliumia. Macho yalimlowa. Nikaona haya, nikamkandia unga wa mtama na kumpikia mkate anaoupenda.

Leo ni Alhamisi. Ametoka na Khunoana.

'M'apulane ana kondoo watatu. Naandika tu.

3 Juni, Jumapili

Habari imefika kwa mama mkwe. Hakuuliza kama ni kweli. Alichouliza ni kwa nini nimemweka mwanawe kwenye makaratasi ya aibu. Nikamwambia sikumchora Mokhethi, nimechora farasi.

"Mwanangu," alisema huku akipeta mahindi, "mke mwema akikuta shimo njiani hulifukia. Halichorei ramani."

Nimechukua wino nikaupaka mguu mweupe ukawa mweusi. Sikio nimelirefusha. Mokhethi alisimama nyuma yangu mkono wake begani pangu, akasema mimi ni mwanamke wa pekee. Zamani ningeandika kurasa mbili kuhusu mkono huo.

6 Juni, Jumatano

"Leo Khunoana amepakwa dawa ya viatu," akasema mtu mlangoni.

"Anakwenda kanisani," akajibu mwingine.

Pulane hakuja. Nesi aliitazama picha, akanitazama mimi, hakusema kitu. Nilimchukia kwa ukimya huo kuliko ambavyo ningemchukia kwa maneno.

10 Juni

Mavuno yamekwisha, mtama umeshapurwa. Nimemkumbusha Mokhethi ahadi yetu. Amesema baada ya theluji, njia ya zahanati inateleza. Zahanati iko ng'ambo ya kijito. Nimehesabu hatua mia tatu na kumi.

13 Juni

Upepo. Vijana sita tu.

19 Juni, Jumanne

Leo ninaandika kwa furaha. Wiki tatu sasa harufu ya samadi motoni inanitoa nje mbio, na leo mama mkwe amenishika kidevu, akanitazama macho, akapiga kigelegele. Tšepiso yumo. Mokhethi alinibeba, akanizungusha mpaka kofia yake ikaanguka. Baba mkwe alileta kiti chake mwenyewe nikalie. Najua niliyoyaandika juu ya karatasi hii mwezi uliopita. Ningeweza kuzichana kurasa hizo. Kwa jinsi alivyonizungusha, hakuna mwanaume mwenye uongo anayeweza kucheka vile.

20 Juni, Jumatano

Nesi anataka nipime leo leo, kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia nitakuja na mume wangu. Alisema mtoto yumo tumboni mwangu, hayumo kwa mume wangu. Nikamwambia hajui ndoa ni nini. Alifunga daftari lake polepole, akasema hilo ni kweli.

27 Juni

Theluji hadi dirishani. Wanasema 'M'apulane hawezi kuinuka.

1 Julai

Mokhethi hali chakula. Nikimuuliza anasema ni baridi.

4 Julai, Jumatano

'M'apulane amefariki alfajiri. Mumewe alikuja kufia hapa kutoka migodini miaka mitatu nyuma, kifua kile kile, wembamba ule ule. Watu wanasema kifua. Kijijini kwetu kila mtu huumwa kifua.

Mokhethi ameondoka na gari la idara kwenda kwenye malisho ya juu. Amesema kondoo wanakufa kwa theluji, hawezi kungoja mazishi. Khunoana amemwacha zizini.

14 Julai, Jumamosi

Leo kalamu itachoka.

Mama mkwe alinituma msibani na nusu gunia la unga. Kwa kuwa nina mimba na njia ni tope la theluji, akaniambia nipande Khunoana. Sijawahi kwenda kwa 'M'apulane. Najua tu ni nyumba za juu, baada ya kisima. Nilimwachia farasi hatamu mabegani nikawa nashughulika kushika gunia.

Penye njia panda hakungoja nimwelekeze. Akakata kulia. Alipita mbele ya lango ambapo watu wote walikuwa wanaingilia, hakusimama. Nilimvuta, akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma ya nyumba, akapita katikati ya zizi na ukuta, mahali ambapo mgeni hawezi kujua kuna upenyo, akafika kwenye mpichi, mti wa pichi uliokuwa mtupu bila majani, na kusimama. Gome la mpichi lilikuwa limelika duara lote kwa kamba, laini kama mpini wa jembe. Khunoana akashusha kichwa na kufumba macho. Alikuwa amefika kwake.

Nilibaki juu ya tandiko. Nilitazama nyumba ya mawe, kamba ya nguo, mlango wa nyuma uliofungwa. Naapa sikuwahi kukiona kiwanja kile, na nilikuwa nimekichora kilivyo.

Pulane akatoka jikoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hakushangaa. Akapokea gunia, akanishika mkono nikashuka, akamlegezea farasi mkanda wa tumbo bila kuutafuta, kisha akamletea maji kwenye beseni la bluu. Khunoana akanywa kama mtu anayenywea kikombe chake.

"Dada," akasema, "usimkasirikie farasi."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu baba yake azikwe. Nikamuuliza kama mama yake alikuwa anajua kilichokuwa kinamuumiza. Alikuwa anajua, akasema, alipima mwaka juzi, dawa zake ziko kwenye kopo la chai, na mwisho alikuwa amechoka kuzimeza.

Kisha nikamuuliza lile swali ambalo sikutaka, kama Mokhethi naye alijua, nikiwa nimeshika shingo ya farasi.

"Alimwambia," Pulane akasema. "Alimwambia Pasaka, kabla ya harusi yenu. Nilikuwepo, nachambua mboga. Alimwambia, nenda kapime, unaoa mtoto wa watu. Akasema atakwenda."

"Atakwenda lini?"

"Baada ya harusi."

Tulicheka. Mungu atusamehe, mbele ya msiba tulicheka, yeye na kichwa chake cha upara na mimi na blanketi langu jipya la ndoa, mpaka mwanamke mmoja akachungulia akidhani tunalia, akatuambia pole.

Makaburini padri alilitaja neno la mkwe wangu mara nyingi. Kila alipolitaja, baba mkwe aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Hakuna anayemwita kwa jina siku hizi. Rafiki zake wote wamekwisha.

15 Julai

Nimesoma daftari hili kuanzia mwanzo. Chungwa. Ndoo. Kope za farasi. Sikuweza kulichana.

18 Julai, Jumatano

Amerudi. Nilimpa maji ya kunawa, nikampa ugali na mboga, nikangoja amalize, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikamwambia Khunoana amenipeleka mpaka kwenye mpichi.

Hakubisha. Aliweka mikono usoni. Alisema alikuwa anakwenda kwa huruma, halafu ikawa si huruma. Alisema kila siku alitaka kuniambia.

"Ningekwambia ningekukosa," akasema.

Mwezi wa Aprili maneno hayo ningeyaandika kwa wino mwekundu na kuyazungushia maua. Leo nimeyapima uzito. Alitaka kunipata zaidi ya alivyotaka niwe hai. Na bado, alipolia, mkono wangu ulikwenda wenyewe kichwani kwake, kama farasi yule. Nimeukuta huko nikauondoa.

Nimemwambia kesho twende zahanati. Amesema baada ya wiki ya kunyoa kondoo. Nikamalizia sentensi yake kabla hajaimaliza.

19 Julai, Alhamisi

Nilikwenda peke yangu. Hatua mia tatu na kumi.

Mistari miwili kwenye kipimo.

Nesi Nthofeela hakusema "nilikwambia". Alifunga mlango wa zahanati mchana kweupe, watu wakiwa foleni nje, akaketi sakafuni nilipokuwa nimeketi mimi. Aliniambia mtoto anaweza kuzaliwa salama, amezalisha wengi wazima, ila nianze dawa sasa na nisiruke siku. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile ya wino. Alisema ameshawahi kumwambia mwanamke jambo la mumewe, na mwanamke yule alirudi nyumbani akaamini mume. "Nilitaka ulione mwenyewe," akasema. "Huenda nilikosea. Ilinipasa nikuvute nywele hadi hapa."

Nilimdhania mkavu. Ni chumvi tu ya machozi ya watu wote aliyoimeza.

25 Julai, Jumatano

Nimechukua wembe nikaukwangua wino kwenye mguu wa farasi. Weupe umerudi, na makwaruzo. Nimeionyesha hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Niliuliza na kwetu hapa je, wakazungumza hadi jua likagusa mlima: nani anajua na hasemi, na mtu akisema anafukuzwa na nani. Pulane alikuwepo, kofia ya sufu kichwani. Tlali aliuliza kama zahanati inapima wachungaji wenye buti chafu. Nesi akamwambia hatupimi buti. Walikwenda tisa.

Tisa. Na mume wangu ananyoa kondoo.

1 Agosti

Dawa zinanichafua tumbo. Mama mkwe ananitazama.

8 Agosti

Mokhethi amehamia kulala kwenye nyumba ya kuwekea matandiko ya farasi. Asubuhi ananisalimia kama jirani.

17 Agosti, Ijumaa

Mama mkwe amekuta chupa ya dawa ndani ya mfuko wa sufu. Hajui kusoma sana lakini chupa hiyo kila mtu anaijua. Alisimama nayo mlangoni na kuuliza nimeleta nini nyumbani kwao. Nikamtazama Mokhethi, aliyekuwa anatengeneza hatamu. Nilimngoja. Nilimhesabia pumzi. Akaendelea kupiga uzi nta.

"Mwanangu alikuwa mzima mpaka ulipoingia hapa," mama mkwe akasema. "Jumapili tutakaa kikao. Mzee atasema urudi kwenu lini."

Nirudi na mimba yenye jina lao, na kosa lenye jina langu. Wa kwanza kupima ndiye anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeleta. Huu ndio ujinga wetu, na mimi mwenyewe nilikuwa nao. Nilipomsikia mtu amepima nilikuwa nasogeza kikombe changu.

19 Agosti, Jumapili

Mipichi imechanua. Asubuhi kijiji chote kilikuwa cha rangi ya waridi, hata mpichi wa 'M'apulane, kilele chake nakiona kutoka hapa.

Tulikaa kwenye nyumba kubwa, watu wanne. Baba mkwe kwenye kiti chake, blanketi limefika kidevuni. Mama mkwe karibu naye, chupa yangu mbele yake kwenye mkeka kama kitu kilichokamatwa kikiiba. Mokhethi karibu na mlango, kofia katikati ya magoti. Mimi chini, mahali pa mke wa mwana.

Mama mkwe alisema yote. Alisema vizuri, kwa mpangilio, akiyarudia kwa sauti kubwa sikioni mwa mzee: nimekuja na ugonjwa, nimeuficha kwenye sufu, nimemwaibisha mwanawe kwa picha mbele ya watoto. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. Akamuuliza Mokhethi kama ana neno. Nilimtazama Mokhethi, mabega yale niliyoyachora picha baada ya picha. Akasema hana neno.

Nikatoa picha ya nne chini ya blanketi langu na kuiweka kwenye mkeka, juu ya chupa.

"Mnaona nini hapa?" nikauliza.

Mama mkwe akasema anaona utovu wa adabu.

"Kwa nini inatokea?"

Nje Khunoana alikuwa anagonga kwato kwenye jiwe la zizi, anataka kutoka, ingawa leo si Alhamisi na kule hakuna tena wa kumfungulia.

"Na kwetu hapa je? Nani yumo ndani ya nyumba hii?"

Nikangoja. Ningengoja mpaka jua lizame, kwa maana nimefundishwa kungoja. Mwenye picha hajibu. Sharti hilo nimelishika tangu Mei. Mke wa mwana hatamki. Hilo nimelishika tangu Aprili, hata kwenye daftari ambalo halisomwi na mtu. Mokhethi alikuwa anahesabu nyuzi za kofia yake. Nikaona kwamba hatasema leo, wala baada ya kikao, wala baada ya mtoto, wala baada yangu. Nikayavunja yote mawili kwa pumzi moja.

"Ndani kuna Lefu," nikasema, jina la baba mkwe, na neno letu la kifo.

Mama mkwe akaziba mdomo wake kwa viganja viwili, kana kwamba ndio uliosema. Mokhethi aliinua uso, hatimaye. Na mzee, ambaye hakusikia picha wala chupa wala maswali yangu matatu, lakini hilo moja alilisikia, akainua kichwa kutoka ndani ya blanketi, akanitafuta kwa macho yake mema, akaitika kwa upole wa mtu aliyeitwa nyumbani kwake:

"Naam, mwanangu. Niko hapa."